Banda la soko, mgongo wazi na tasnifu: kisa cha mchumi mmoja wa kaunti

Mchumi huyu anafanya kazi katika idara ya mipango ya kaunti moja ya ukanda wa Ziwa Victoria. Jina lake nimeliweka kando kwa ombi lake, na la kaunti vilevile. Huniita Mwalimu, kwa kuwa alipomaliza chuo alikuja kujifunza kazi katika ofisi niliyokuwa nikiisimamia, zamani za mipango ya wilaya, kabla ya ugatuzi. Sasa nimestaafu, ninaishi Kisumu, na vijana wa mipango wakikwama huniletea karatasi zao niwasomee.

Jioni moja tulikutana Dunga, kwenye vibanda vya samaki, akanipa pendekezo lake la utafiti. Lilihusu athari za matumizi ya maendeleo kwa pato la kaunti nchini Kenya. Alikusudia kuchukua takwimu za pato la kila kaunti, zile ambazo shirika la takwimu la taifa lilianza kuzichapisha mwaka 2019, azilinganishe na matumizi ya kaunti zote 47, halafu apige hesabu zake kwenye kompyuta. Ilikuwa kazi safi. Lakini mtu yeyote angeweza kuifanya akiwa Nairobi au Oslo bila kukanyaga soko hata moja, na yeye hakuwa amesajiliwa kwa shahada ya namna hiyo. Alikuwa amesajiliwa kwa uzamivu wa kikazi.

Wengi hapa kwetu bado hawajaizoea shahada hii, kwa hiyo nieleze kidogo. Mwanafunzi wa uzamivu wa kawaida, ile PhD tunayoijua, huanza na pengo lililo katika maandishi ya wasomi. Wa uzamivu wa kikazi huanza na tatizo lililo mezani pake kazini, akalichunguza kwa ukali uleule wa kisomi, na jibu lake sharti lirudi kazini. Si jambo la jana. Harvard ilianza kutoa udaktari wa elimu wa aina hii mwaka 1921, Uingereza shahada hizi zikashika kasi miaka ya 1990, na tangu 2007 vyuo kadhaa vya Marekani vimekuwa vikishirikiana kuisuka upya shahada hiyo ya elimu ili tasnifu nzima ijengwe juu ya tatizo la kazi. Katika maendeleo ya uchumi programu zake ni chache. New Mexico State University, mjini Las Cruces, ina udaktari wenye jina hilohilo. Hapa Kenya inayojulikana zaidi ni ya usimamizi wa biashara, DBA, na nimeona wachumi wa kaunti kadhaa wakipitia mlango huo.

Kwa hiyo msimamizi wake alipolisoma pendekezo lile hakuuliza habari za hesabu. Alimwuliza swali moja: "Ukishapata jibu, Jumatatu asubuhi utafanya nini ofisini ambacho leo hukifanyi?"

"Mwalimu," akaniambia, "nilinyamaza hadi nikaona haya."

Nikamwuliza ni kitu gani cha kazini kinachomkosesha usingizi. Hakufikiri hata kidogo. Akataja banda.

Ni banda la soko, lenye paa la mabati ya rangi, meza za saruji, vyoo na tangi la maji, katika kituo kimoja cha biashara kando ya ziwa. Lilizinduliwa kwa shangwe. Miaka michache baadaye mbuzi walikuwa wakilala humo mchana, na akina mama waliojengewa walikuwa wamerudi palepale barabarani, kwenye vumbi, wakikaanga mgongo wazi.

Kwa asiyetoka kwetu: mbuta, yaani sangara, akifika kiwandani huondolewa mnofu, nao mnofu hufungwa kwenye barafu ukasafirishwa ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa na mifupa yenye nyama kidogo iliyoshikamana nayo. Hicho ndicho mgongo wazi. Hufika kwa mkokoteni au kwa boda kikiwa kingali kinadondosha maji, kikaoshwa, kikaanikwa juani, kisha kikakaangwa ndani ya karai hadi kikakauka na kuwa na rangi ya kahawia. Ukipita Obunga utaisikia harufu yake kabla hujamwona mwuzaji. Mtu aliyetoka kibaruani akiwa na sarafu chache anakula samaki na ugali jioni hiyo kwa sababu ya wanawake hawa. Mimi sihesabu biashara hii kuwa ndogo. Viwanda vilipokuja miaka ya 1980 vilibeba mnofu, na wanawake wakageuza masalio kuwa chakula cha mji mzima bila msaada wa mpango wowote tulioandika sisi.

Basi swali likapatikana: kwa nini wanawake wa mgongo wazi hawaingii kwenye banda walilojengewa? Msimamizi akaliongezea jingine ambalo baadaye liligeuka kuwa ndilo lenyewe: na ofisi yako ilifikaje kuamini kwamba wataingia?

Ruhusa

Nilishangaa alivyohangaika kupata ruhusa ya kwenda mahali alipokuwa akienda kila wiki. Kama afisa, alikuwa akipanda gari la ofisi, akafika sokoni, akauliza alichotaka, akaandika. Kama mtafiti alihitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambayo sheria ya sayansi ya 2013 inaidai, kisha kuripoti kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Juu ya hayo, barua ya mwajiri wake mwenyewe.

Alilalamika, nami nilimwambia asilalamike. Kamati ya maadili ilimwuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza katika miaka yake yote ya kazi: mwanamke ambaye kibanda chake kinaweza kuondolewa na ofisi yako, atakataaje kujibu maswali yako? Hapo ndipo uzamivu wa kikazi unapokuwa mgumu kuliko ule mwingine. Mgeni kutoka chuo akija sokoni ni mgeni, anaondoka na daftari lake. Wewe unabaki. Unayemhoji anajua kwamba kesho utakuja na askari wa kaunti, au na mradi.

Barua ya mwajiri ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na nilimsihi asianze bila hiyo. Alitaka iseme mambo mawili waziwazi: kwamba anaruhusiwa kusoma majalada ya mradi, na kwamba ofisi haitakuwa na uwezo wa kuzuia matokeo, ingawa jina la soko na la kaunti yatafichwa. La pili lilizua maneno. Bosi wake hakuwa mtu mbaya, aliogopa magazeti. Waliishia kukubaliana kwamba ofisi itasoma rasimu na kutoa maoni kwa maandishi, na maoni hayo yatawekwa mwishoni mwa tasnifu kama yalivyo. Nilipenda sana suluhisho hilo. Anayetaka kusoma shahada hii akiwa kwenye utumishi wa umma na alipate mapema, kabla hajalipa karo ya pili.

Hojaji iliyojibiwa vizuri mno

Alianza kwa hojaji ndefu. Akina mama walimjibu kwa adabu. Kila mmoja alisema banda ni zuri, ila wanaomba mkopo, friji na majiko ya kisasa. Majibu yalifanana kana kwamba yametoka kinywa kimoja, na alipoyaweka kwenye jedwali yalipendeza. Alinitumia akiwa na furaha. Nikampigia simu nikamwambia haya si majibu, haya ni maombi. Wamekuona wewe ni mtu wa kaunti, na mtu wa kaunti akiuliza huombwa.

Aliudhika, na tukakaa wiki mbili bila kuzungumza. Kisha akarudi sokoni peke yake siku ya Jumamosi, bila gari la ofisi, kwa matatu, akiwa amefunga leso. Mama mmoja mzee akamcheka: "Madam, leo umekuja kama mtu. Kaa hapa basi, uone."

Akakaa. Na ndivyo utafiti ulivyoanza kweli, baada ya mwaka mzima wa karatasi. Kwa miezi kadhaa alikwenda Jumamosi na baadhi ya jioni, akaketi kando ya moto, na kwa idhini yao akawawekea daftari za hesabu. Kila mmoja na daftari lake, la shilingi chache, la mistari. Kushoto kilichotoka: mzigo wa mgongo, kuni, mafuta, mkokoteni, ushuru, chakula cha watoto. Kulia kilichoingia, na saa kilipoingia. Walioshindwa kuandika waliandikiwa na watoto wao wa shule. Hawakumwita madam tena, walimwita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa sababu ndiko alikozaliwa.

Safu ya saa ndiyo iliyofumbua jambo. Sehemu kubwa ya fedha yote ya siku iliingia kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, watu wanaposhuka matatu kwenye njia panda. Banda liko mbali kidogo na njia panda, hatua mia tatu hivi, na lilikuwa likifungwa lango saa kumi na mbili kamili. Hatua mia tatu kwenye ramani yetu ya ofisini si kitu. Kwa mtu aliyechoka, mwenye njaa, anayeelekea nyumbani gizani, ni safari.

Lakini jambo zito zaidi lilikuwa la mkopo. Wengi wao huchukua mzigo asubuhi bila kulipa, wakalipa usiku baada ya kuuza. Tuseme mama amechukua mgongo wa shilingi 2,000 na usiku anarudisha 2,200. Hiyo ni asilimia 10 kwa siku moja. Tukiwa ofisini tungeandika mara moja kwamba ni unyonyaji na kupendekeza mfuko wa mikopo nafuu. Nyar Seme naye alikuwa ameshaliandika hilo katika rasimu. Kisha ikanyesha mvua siku tatu, mgongo ukashindwa kukauka, mzigo ukaoza. Mwuzaji wa jumla alikuja jioni, akatazama, akasema mtanilipa mkipata, na kesho yake akaleta mwingine. Hakuna mfuko ninaoujua unaosubiri kwa sababu mvua imenyesha. Ile shilingi 200 ilikuwa bei ya mkopo na bima kwa pamoja. Na mwuzaji yule humkopesha anayemwona: akipita na pikipiki yake njia panda anajua nani ameuza na nani hakuuza. Ukiingia ndani ya banda, nyuma ya ukuta, umejiondoa machoni pake, na pamoja na macho umeondoa mtaji wako.

Sikuwahi kulifikiria hilo katika miaka yangu yote ya mipango. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu mabanda niliyoyapendekeza mimi ni mengi. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya mwaka 1972, ule ulioieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi, ulishaeleza kwamba watu hawa wanazalisha, wana utaratibu wao, na kwamba serikali inawabana kwa sheria na kwa dharau. Sisi tulisomeshwa hayo darasani. Tukafaulu mtihani, kisha tukaenda kujenga meza za saruji zisizoweza hata kuwekewa moto.

Jalada

Sura ya tano ndiyo ilimtoa jasho. Ilibidi ajibu lile swali la pili, la ofisi ilivyofikia uamuzi. Akaomba jalada la mradi kutoka masjala. Lilikuwa jalada la kawaida, la kahawia, limefungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na andiko la mradi, makadirio ya mhandisi, picha za ardhi tupu, na kumbukumbu za mkutano wa wananchi. Katiba ya 2010 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 zinataka wananchi washirikishwe, na walishirikishwa: kulikuwa na orodha ya waliohudhuria, yenye sahihi. Mkutano ulianza saa tano asubuhi.

Alinipigia simu akiwa bado ameshika karatasi ile. Saa tano asubuhi mama wa mgongo wazi yuko kwenye jua anageuza mifupa, akiiacha dakika kumi tu kunguru wanaibeba. Aliipitia orodha jina kwa jina na wanawake waliomfahamu vizuri sasa. Walikuwemo wenye maduka, waendesha boda, mzee wa kijiji, wakandarasi wawili. Mkaangaji hakuwemo hata mmoja.

Na chini ya andiko la mradi, penye sentensi isemayo wafanyabiashara wa samaki wameomba kujengewa banda la kisasa, palikuwa na sahihi ya aliyeandaa. Ilikuwa yake.

Alikuwa amesahau. Ulikuwa mwaka wake wa pili kazini, aliandika maandiko kumi na mawili ndani ya wiki tatu ili yawahi mpango wa mwaka. Aliniuliza kama aliandike hilo kwenye tasnifu au aseme tu "ofisi". Nilimwambia, binti yangu, ukisema "ofisi" tasnifu hii ni ya mtu mwingine. Akaliandika kwa nafsi ya kwanza. Kurasa zile nne ndizo bora kuliko zote alizowahi kuandika.

Bosi wake alizisoma na kwa siku kadhaa hakusema lolote. Maoni yake ya maandishi yalipokuja yalikuwa mafupi na ya haki: kwamba muda wa maandalizi ulikuwa mfupi kwa sababu tarehe za sheria hazingoji, na kwamba ofisi ina wachumi wachache. Yote mawili ni kweli. Mpango wa maendeleo wa mwaka sharti ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Mwanafunzi mwenyewe alipotea chuoni kila Aprili, na msimamizi wake mgeni alidhani ameacha masomo. Ukiwa mchumi wa kaunti, panga masomo yako kwa kalenda hiyo. Mwezi wa nne usiahidi mtu sura.

Kilichobadilika kazini ni kidogo lakini kipo. Mikutano ya wananchi katika masoko ya samaki sasa huitishwa saa nane mchana, baada ya kuanika na kabla ya kuwasha moto. Lango la banda halifungwi jioni. Katika mpango wa mwaka uliofuata aliweka mstari wa bajeti wa vichanja vya kuanikia na kivuli chepesi kilicho wazi pande zote pale njia panda, pamoja na taa. Taa zilipita. Vichanja viliondolewa mwezi wa nne, fedha zikaenda kwenye barabara. Alivunjika moyo, nami sikuwa na la kumfariji isipokuwa kumwambia auweke tena mwaka ujao, na akauweka.

Wanaoniuliza kama wafuate njia hii hutaka kwanza kujua itawapandisha cheo au la. Wasichukue mkopo wa Sacco kwa tumaini hilo. Katika mfumo wa sifa za kitaifa wa Kenya udaktari uko ngazi ya 10, ya juu kabisa, lakini kazi za kaunti nilizozifahamu huangalia uzamili na miaka ya uzoefu. Anayekusudia kwenda kufundisha chuo kikuu aulize kabla ya kujisajili kama chuo anachokitaka kinapokea shahada hii kama PhD, na ya chuo cha nje aulize pia itatambuliwaje hapa nyumbani. Haya aliyauliza yeye kabla, ndiyo maana hakulia baadaye. Alijilipia kidogo kidogo, kwa muhula, na likizo ya masomo hakupewa.

Rasimu ilipokamilika alirudi sokoni kuwasomea wenyewe, jambo alilowaahidi siku ya daftari. Nilikwenda naye. Saa nane mchana, mgongo ukiwa kwenye vichanja vyao vya fito, wanawake kumi na wanne wakaketi chini ya mwembe. Alisoma kwa Kijaluo na Kiswahili, akachanganya walivyochanganya wao. Aliposoma habari ya mwuzaji wa jumla na mvua waliitikia kwa sauti. Alipofika kwenye hesabu ya faida, yule mama mzee akainua mkono.

"Nyar Seme, hapo kwa mafuta umekosea."

"Nimekosea wapi, mama?"

"Umeandika mtungi mmoja kila siku. Ule mtungi tunakaangia siku tatu. Siku ya pili na ya tatu ninaongeza kidogo tu. Wewe umenihesabia mafuta ya tajiri."

Wote wakacheka, na yeye akacheka nao, lakini niliona anavyopiga hesabu kichwani. Kosa hilo lilipita kwenye majedwali sita, na tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imebaki wiki mbili. Akageuza ndoo, akaketi mbele ya yule mama, akafungua sura ya nne magotini, akaanza kumwuliza mafuta ya Jumatatu huisha siku gani.